Habari ya Chombo cha Kunasa Maneno ya Simu

Maji yakimwagika hayazoleki, wasema wazee, na neno likishatoka kinywani ni vivyo hivyo. Barua ina karatasi yake. Mwenye shaka hufungua sanduku akaisoma tena. Ahadi iliyotolewa barazani ina mashahidi wake. Lakini maneno ya simu hayana karatasi wala baraza. Watu wawili wasioonana uso hupatana bei ya ng'ombe, au siku ya kulipa deni, au mambo ya posa, nao wakiisha kuagana hapana kilichobaki ila kumbukumbu ya wawili wale. Wakikosana, huyu asema hivi na yule asema vile, na mwamuzi hana la kushika.

Kwa ajili ya upungufu huo watu walitafuta tangu mwanzo chombo cha kuyanasa maneno ya simu na kuyaweka. Tumeona vema kuwaandikia wasomaji habari zake, kwa kuwa wengi hudhani ya kuwa ni kitu cha jana, kilichokuja pamoja na simu za mkononi. Sivyo. Kilitengenezwa mwaka 1898, na mambo yaliyokipata baadaye ni ya ajabu kuliko kuzaliwa kwake. Kilifanya kazi, wataalamu wakakisifu, kisha huko Marekani, katika nchi iliyokuwa na simu nyingi kuliko zote, kikafungiwa mlango kwa muda wa miaka karibu hamsini. Na aliyeufunga mlango huo alikuwa kampuni ya simu yenyewe.

Alexander Graham Bell alipata hati ya uvumbuzi wa simu mwezi wa Machi 1876. Mwaka uliofuata Thomas Edison akatengeneza fonografu, yaani mashine ya kwanza ya kuhifadhi sauti ya mtu na kuirudisha. Wengi wanaijua fonografu kuwa mama wa santuri za nyimbo, lakini Edison mwenyewe hakuwa na nyimbo moyoni alipoianza kazi ile. Alikuwa akishughulika na telegrafu na simu, na mwaka 1878, alipoandika katika gazeti moja orodha ya kazi ambazo mashine yake ingeweza kufanya, alitia humo kuiunganisha na simu, ili maneno yaliyokuwa yakipita kama upepo yapate kuwekwa. Hakufanikiwa wakati ule. Sauti iliyotoka katika simu ilikuwa dhaifu mno, haikuwa na nguvu ya kuisukuma sindano ichimbe mfuo katika karatasi ya bati. Fonografu ilitaka mtu apige kelele mbele yake, simu ilinong'ona.

Mwaka huo huo wa 1878 fundi mmoja Mmarekani, Oberlin Smith, alifikiri njia nyingine, ya kutumia sumaku badala ya sindano. Aliyaandika mawazo yake katika gazeti la mambo ya umeme mwaka 1888, lakini hakukitengeneza chombo kikauzwa. Kazi hiyo ilimngoja kijana wa Denmark.

Kijana huyo ni Valdemar Poulsen, aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1869. Baba yake alikuwa hakimu. Alianza kusoma uganga akauacha, akapenda zaidi elimu ya maumbile, kisha akaajiriwa na kampuni ya simu ya mji wa Copenhagen katika idara ya mafundi. Hapo alikuwa kila siku karibu na shida ile tuliyoitaja: mtu apigiwa simu naye hayupo, na habari aliyoletewa yapotea.

Poulsen alijua jambo ambalo mtoto ye yote wa shule aweza kulijaribu. Ukichukua sumaku ukaisugua juu ya sindano ya chuma cha pua, sindano nayo hugeuka sumaku ndogo, ikaokota sindano nyingine. Tena alijua ya kuwa mtu asemapo katika simu, umeme upitao katika waya huzidi na kupungua kwa kufuata sauti yake. Basi akauliza: umeme huo ukipitishwa katika sumaku ya umeme, na mbele ya sumaku hiyo ukapita waya wa chuma cha pua bila kusimama, je, waya hautashika usumaku mwingi hapa na kidogo pale, kwa kuifuata sauti? Jaribio lake la kwanza halikuwa la fahari. Alitandika waya, akaweka sumaku katika kigari kidogo kilichoteremka juu yake, naye akasema wakati kigari kinakwenda. Kisha akakirudisha mwanzo, akakiachia kiteremke tena, safari hii akiweka sikioni kipande cha kusikilizia. Waya ukamjibu kwa maneno yake mwenyewe.

Tupende kulifahamisha jambo hili vizuri, maana ndilo mzizi wa vyombo vyote vya namna hii vilivyokuja baadaye. Mtu apitapo katika mchanga wa pwani huacha nyayo, hapa alipokanyaga kwa nguvu shimo refu, na pale alipokwenda polepole alama ndogo. Waya wa Poulsen ulikuwa ule mchanga, na sauti ndiyo miguu. Nyayo hizo hazionekani kwa macho wala hazipapasiki kwa kidole, bali zimo. Waya upitapo mara ya pili mbele ya sumaku, nyayo zile huamsha umeme kidogo katika nyuzi za shaba zilizoizunguka sumaku, na umeme huo ukiingia katika kipande cha kusikilizia hugeuka sauti tena. Na kama vile maji yajaapo hufuta nyayo zote, ndivyo Poulsen alivyoweza kuusafisha waya wake: aliupitisha mbele ya sumaku yenye umeme wa betri usiobadilika, na waya ukawa tayari kwa maneno mapya. Mtungi wa nta wa fonografu ulitaka kuparuzwa kwa kisu. Waya wa Poulsen haukupungua hata kidogo.

Akapeleka ombi la hati ya uvumbuzi huko kwao Denmark mwezi wa Desemba 1898, na Marekani wakampa hati yao mwezi wa Novemba 1900. Katika maneno ya hati ile ya Marekani alieleza waziwazi kazi aliyoikusudia kwanza: chombo kiunganishwe na simu, kipokee habari mwenye nyumba asipokuwapo, naye akirudi akiamuru kimsimulie. Alikiita telegrafoni.

Kukiweka tayari kulikuwa hivi. Waya wa chuma ulizungushwa juu ya mtungi uliolala, mzunguko mmoja kando ya mwingine kama uzi katika kijiti cha mshonaji. Mtungi ulipozunguka, sumaku ndogo iliufuata waya ikisogea pole kwa pole toka mwisho huu hata mwisho wa pili. Nyaya mbili za simu ziliingizwa katika sumaku ile, zikinasa. Mtu alipotaka kusikiliza, sumaku ilirudishwa mwanzo, na nyaya zikabadilishwa ziende katika kipande cha sikio. Alipotaka kufuta, zikabadilishwa tena ziende kwenye betri. Kwa hiyo sumaku ile ile moja iliandika, ikasoma, ikafuta. Shida ya mtungi ni kwamba ulijaa upesi. Baadaye Poulsen na mwenzake, Peder Oluf Pedersen, walitumia waya mwembamba mrefu uliopita toka gurudumu moja kwenda la pili, nao uliweza kushika mazungumzo ya karibu nusu saa.

Mwaka 1900 telegrafoni ilipelekwa katika maonyesho makubwa ya Paris, ikashinda tuzo ya juu. Mwaka huo huo mfalme mkuu wa Austria, Franz Joseph, alisema mbele yake maneno machache ya kuonyesha kwamba amependezwa na uvumbuzi ule na kushukuru kwa kuonyeshwa. Maneno hayo yapo mpaka leo. Mfalme alikufa mwaka 1916, na ufalme wake ukavunjika mwaka 1918, lakini sauti yake iliyoandikwa kwa sumaku bado yasikika.

Baada ya sifa nyingi kama hizo mtu angetazamia ya kuwa chombo kitaenea duniani. Hakikuenea. Kampuni ya kukitengeneza na kukiuza iliundwa Marekani mwaka 1903, ikauza hisa nyingi na mashine chache, na mwisho wake ulikuwa mbaya. Sababu moja ilikuwa ya ufundi. Sauti ilikuwa ndogo, ikasikika katika kipande cha sikio tu, maana wakati ule vyombo vya kuikuza sauti ya umeme vilikuwa havijapatikana. Waya nao ulikuwa na tabia ya kujisokota na kukwama, na kila aliyepata kufumua uzi wa kuvulia samaki uliojifunga ajua hasira yake. Poulsen mwenyewe akahamia kazi nyingine, ya mitambo ya kupeleka habari bila waya, akapata humo jina kubwa. Alikufa mwaka 1942.

Edison hakukata tamaa na wazo lake la zamani. Mwaka 1914 alitoa mashine aliyoiita Telescribe. Mtu aliweka kipande cha kusikilizia cha simu yake katika tundu la mashine, naye akasikilizia kipande kingine kidogo, na maneno ya pande zote mbili yakaandikwa katika mtungi wa nta. Tazama ujanja uliokuwamo: mashine haikugusa waya wa kampuni ya simu, ila iliisikiliza simu kama mtu anavyosikiliza. Maana huko Marekani kampuni kubwa ya simu, AT&T, ilikuwa na sheria yake ya kuwakataza wateja wasiunganishe kitu cho chote kigeni na nyaya zake. Hiyo ndiyo sababu ya pili, nayo ina kina kuliko ile ya waya kujisokota.

Lakini kabla hatujafika huko, yafaa tuone ya kuwa maneno ya simu yalikuwa yakinaswa hata pasipo mashine. Katika miaka ile Marekani ilikuwa imekataza ulevi kwa sheria, na mjini Seattle palikuwa na mtu aliyeitwa Roy Olmstead, zamani ofisa wa polisi, aliyekuwa akiingiza pombe kwa siri kutoka Kanada, tena kwa biashara kubwa. Askari wa serikali waliunga nyaya zao katika nyaya za simu zake, wengine chini ya jumba la ofisi yake na wengine njiani karibu na nyumba za wenzake, wala hawakuingia nyumbani mwa mtu. Wakasikiliza kwa miezi mingi, wakiandika kwa mkono. Maandishi yao yalipopigwa taipu yakawa kurasa 775.

Sisi tufundishao watoto twaijua kazi ya imla. Soma sentensi moja kwa watoto arobaini, kisha kusanya madaftari uone ni wangapi walioandika uliyoyasema. Basi fikiri kurasa 775 za maneno ya watu wasiojua ya kuwa wanaandikwa, wakisema kwa haraka, na mwandishi amejibanza gizani! Hata hivyo kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1928 majaji watano kwa wanne wakaamua ya kuwa ushahidi ule wafaa, kwa kuwa hakuna aliyevunja mlango wala kuchukua mali. Jaji Louis Brandeis alikuwa miongoni mwa wanne waliokataa. Katika hoja zake iko moja ambayo twaona ndiyo kiini cha jambo lote: ukitega waya wa simu ya mtu mmoja, hukuvunja faragha ya mtu yule peke yake, umevunja pia faragha ya kila aliyezungumza naye, hata asiyeshukiwa kwa lo lote. Mwaka 1934 bunge la nchi ile likatunga sheria ya mawasiliano iliyokataza mtu kuyadaka maneno ya wengine na kuyatangaza bila ruhusa ya mwenye kuyapeleka.

Sasa turudi kwa kampuni ya simu. Katika miaka ile ile ya 1930 na kitu, ndani ya maabara ya AT&T yenyewe, mtaalamu Clarence Hickman alitengeneza kinasa sauti cha sumaku kilichounganishwa na simu, kikimpokea apigaye na kuyaweka maneno yake. Kilifanya kazi vizuri. Kitu alichokitamani Poulsen tangu 1898 kilikuwa kimefikiwa, na mwenye nacho alikuwa na nyaya za nchi nzima mkononi. Wakubwa wa kampuni wakaamua kisiuzwe. Habari hizi zilikaa katika makabati ya maabara kwa muda mrefu. Mwanahistoria Mark Clark ndiye aliyezifukua na kuzichapisha mwaka 1993.

Waliogopa nini? Hawakuogopa hasara ya mashine, bali waliogopa kwamba watu wataiacha simu. Waliwaza hivi: mfanyabiashara asema katika simu mambo asiyothubutu kuyatia katika barua, hutaja bei kisha akaibadili, hujaribu neno kabla ya kulitoa rasmi, akijua ya kuwa kila asemalo laweza kuwekwa na kuletwa mbele yake kesho, atarudi kwenye karatasi, ambako aweza kupima kila neno kabla ya kutia sahihi. Na wale wanaozungumza siri za nyumbani, au maneno yasiyofaa kusikiwa na wengine, nao watanyamaza. Katika hesabu yao, uhuru wa simu ulitokana na ule upungufu wake wa kutoweka maneno.

Twakiri ya kuwa hoja yao ina chembe ya kweli. Mtu husema kwa njia moja akiwa na rafiki yake chini ya mwembe, na kwa njia nyingine akiwa mbele ya karani mwenye kalamu. Lakini kosa lao twaliona hapa, kwamba walimfanyia uamuzi mteja pasipo kumwuliza, kisha wakauficha. Kama wangekitoa chombo na kumwambia kila asemaye, "Maneno yako yanawekwa," mtu angechagua mwenyewe kusema au kunyamaza.

Wakati wao wamekificha, Wajerumani walisonga mbele. Fritz Pfleumer wa Dresden alipata mwaka 1928 njia ya kupaka unga wa chuma juu ya utepe wa karatasi, mwepesi kuliko waya na usiojisokota, na mwaka 1935 kampuni ya AEG ikaonyesha Berlin mashine yake iliyoitwa Magnetophon. Kisha vita vikaja, na majeshi ya pande zote yakahitaji kuweka maneno. Ilipofika 1945 vinasa sauti vya namna nyingi vilikuwapo Marekani, vya waya, vya sahani na vya ukanda, na maelfu ya watu walikwisha kuvizoea. Mlango ule haukuweza kufungwa tena.

Basi mwaka 1947 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia mawasiliano ilitoa hukumu, nayo kwa maoni yetu ilikuwa ya busara. Haikukataza kunasa, wala haikuruhusu kwa siri. Iliamuru ya kuwa anayetaka kuunga kinasa sauti na simu ya watu wote aletewe kiunganisho na kampuni ya simu yenyewe, chenye kifaa cha kutoa mlio mfupi, "pii!", kila baada ya sekunde 15 hivi, usikike na wote wawili muda wote wa kunasa. Tena kiwe cha kuweza kuondolewa katika waya au kuzimwa mwenye simu atakapo. Mlio huo ndio uliokuwa shahidi wa tatu: uliposikia "pii" ulijua karani ameshika kalamu, ukachagua maneno yako au ukaaga.

Lakini amri ile ilikuwa na udhaifu. Haikuwa sheria ya jinai. Aliyeivunja hakufungwa gerezani, bali aliweza tu kunyimwa simu. Tena ilishika nyaya, nao mafundi walikwisha kujua njia isiyogusa waya. Ndani ya simu mna nyuzi za shaba zilizozungushwa, na umeme wa mazungumzo upitapo humo, nguvu yake ya sumaku hutokeza nje ya ganda kidogo. Ukiweka nje ya ganda hilo nyuzi nyingine zilizozungushwa, hudaka nguvu ile. Yakauzwa madukani makombe madogo ya mpira, yenye nyuzi hizo ndani. Mtu alililowesha kombe, akaligandamiza nyuma ya mkono wa simu karibu na kipande cha sikio likanata, akachomeka ncha ya pili katika kinasa sauti, basi. Hapakuwa na fundi wala "pii". Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilitoa kaseti, na mwaka 1968 tume ile ile ikaamuru kampuni ya simu isizuie tena wateja kuunga vyombo vyao visivyodhuru nyaya. Jambo lililokuwa limezuiliwa tangu siku za Poulsen likawa katika uwezo wa kila mtu mwenye fedha kidogo.

Tusidhani ya kuwa waliokitumia kwa siri walikuwa wadogo tu. Rais Lyndon Johnson alinasa maelfu ya mazungumzo yake ya simu tangu Novemba 1963, wengi wa waliozungumza naye wasijue. Kanda zake ziliachwa kwa agizo la kufungwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Hazikungoja hata nusu ya muda huo, zikaanza kufunguliwa katika miaka ya 1990, na wanahistoria leo hujifunza kwazo jinsi sheria kubwa zilivyopitishwa kwa kubembeleza na kutisha. Aliyemfuata, Richard Nixon, aliweka mitambo yake mwaka 1971, katika ofisi na katika simu. Julai 1973 mtumishi wake wa zamani, Alexander Butterfield, alilifunua jambo hilo mbele ya kamati ya bunge. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Julai 1974, Mahakama Kuu ikaamuru kanda zitolewe, na tarehe 9 Agosti rais akajiuzulu. Alikuwa ameyanasa maneno ya wengine, na yake mwenyewe yakanaswa pamoja nayo. Kinasa sauti hakijui aliyekinunua.

Hata hivyo tusiseme ya kuwa kila anayenasa ana hila. Mwaka 1957 mahakama ile iliamua kesi ya mtu aliyetishwa kuuawa kwa simu, akawaomba polisi wasikilize katika simu ya pili nyumbani mwake. Majaji wakasema hakuvunja sheria ya 1934, kwa kuwa mwenye kupokea maneno alikubali yasikiwe. Mtu wa namna hiyo angefanya nini? Kumwambia amtishaye, "Ngoja kwanza, nawasha mashine"? Kwa sababu hii sheria za Marekani ziligawanyika. Sheria ya nchi nzima ya 1968 yatosheka na ridhaa ya mmoja wa wazungumzao, na California, kwa sheria yake ya 1967, yataka ridhaa ya wote katika mazungumzo ya siri. Nayo tume ya mawasiliano, katika miaka ya 1980, iliongeza njia nyingine kando ya mlio: ridhaa ya wote kabla ya kunasa, au tangazo la maneno mwanzoni. Ujerumani ni kali zaidi. Mtu akinasa bila idhini maneno ya mwenzake yasiyosemwa hadharani ametenda kosa la jinai.

Kwetu sisi pia jambo hili si geni. Katiba ya Tanzania ya 1977, katika ibara ya 16, yamhakikishia mtu heshima na hifadhi ya mawasiliano yake ya binafsi, na Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 31, yalinda faragha ya mawasiliano. Nchi hizo mbili zimetunga pia sheria za kulinda taarifa za watu, Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Na kila apigaye simu katika ofisi ya huduma kwa wateja ya benki amesikia tangazo lile kwamba mazungumzo yatarekodiwa. Wengi huliona kuwa maneno ya kupoteza muda. Ni mjukuu wa "pii" ya 1947.

Katika simu za mkononi mtungi, waya na kombe la mpira havihitajiwi tena. Sauti imegeuzwa tarakimu, na kunasa ni kazi ya programu. Kwa muda palikuwa na programu nyingi zilizonasa kimya kimya. Mwezi wa Mei 2022 Google ilikataza programu za duka lake zisinase simu kwa kutumia huduma iliyokusudiwa kuwasaidia wenye ulemavu, na nyingi zikakoma. Mwezi wa Oktoba 2024 Apple nayo ikatia kinasa chake katika iPhone kwa mara ya kwanza, katika nchi baadhi. Mtu akiwa katika mazungumzo hugusa alama iliyo pembeni mwa kioo. Kabla ya kunasa, simu hutangaza kwa sauti, mpigaji na mpigiwa wasikie wote, ya kuwa mazungumzo yanawekwa, wala hakuna kitufe cha kulizima tangazo hilo. Wakiisha kuagana, maneno yao hukutwa katika daftari la simu, na kwa lugha kadhaa huandikwa pia kwa herufi, mtu ayasome kama barua.